Uso Kabla Haujaungana

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilirudi nyumbani Kanyangi na lenzi ya mkononi, madaftari mawili ya michoro, na hakika kwamba katika eneo lote lile hakuna aliyejua baiolojia kunipita. Hilo la mwisho wengine waliliita majivuno. Mimi nasema hivi: daktari wa karibu alikuwa Mutomo, daktari wa mifugo sikumbuki kumwona, basi aliyebaki ni nani?

Ilikuwa miaka ya sabini, na shule yangu ilikuwa ya harambee. Wazazi walijenga madarasa matatu kwa matofali waliyochoma wenyewe. Walipochoka, maabara ikabaki msingi, na mbuzi wakauona ule msingi kuwa mahali pazuri pa kulala. Hadubini haikuwepo. Kwenye kitabu cha kidato cha tatu palikuwa na picha ya kiinitete cha kuku, yaani kifaranga kabla hakijawa kifaranga, lakini ilichapishwa ndogo na nyeusi hivi kwamba wanafunzi wangu waliapa ni mende.

Hilo liliniudhi, kwa sababu somo lenyewe nililipenda kuliko yote. Mhadhiri aliyetufundisha chuoni hakuanza na kiinitete. Alianza na watu waliokitafuta. Alituambia juu ya Mgiriki wa kale aliyechukua mayai zaidi ya ishirini, akayaweka chini ya kuku, kisha akavunja moja kila siku na kuandika alichoona. Siku ya tatu akaona kidoa chekundu kikirukaruka, akajua ni moyo. Hakuwa na lenzi wala stima. Alikuwa na kuku na subira. Niliposikia hivyo nikajiambia, kuku sisi tunao.

Wanafunzi wangu niliwapa hadithi hizo zote, moja baada ya nyingine. Niliwaambia juu ya daktari wa mfalme wa Uingereza aliyepasua kulungu wa mfalme msimu mzima, akitafuta mbegu ya dume ndani ya tumbo la jike, na wiki baada ya wiki asione kitu. Niliwaambia juu ya wale walioangalia mbegu ya mwanamume kwa hadubini za kwanza wakaapa kuwa ndani yake kuna mtu mdogo amejikunyata, mzima na magoti yake, anangoja kukua tu. Wenzao wakasema hapana, huyo mtu mdogo yumo kwenye yai la mama. Waligombana kwa vizazi, wazee wenye ndevu na shahada. Na nilipofika kwa yule padri wa Italia aliyewashonea vyura wa kiume suruali, ili ajue kama majimaji yao yana kazi, darasa lilicheka hadi mwalimu mkuu akaja kusimama mlangoni. Nikamwambia ni sayansi. Akasimama kidogo, naye akacheka.

Nyumbani tulikuwa wanawake watatu. Kulikuwa na mama yangu, mjane, kiongozi wa akina mama kanisani, mtu wa haki ila haki yake ilikuwa na haraka. Kulikuwa na mimi. Na kulikuwa na wifi yangu, mke wa kaka, aliyetoka upande wa Makueni na aliyekuwa amekaa kwetu mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kaka alikuwa fundi wa magari Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, akija nyumbani mwisho wa mwezi akinuka grisi. Wifi alikuwa msichana wa maneno machache na mikono isiyotulia. Alifagia uwanja uliofagiwa.

Muhula wa pili wifi alikuwa na mimba ya miezi saba. Kwetu mjamzito hali mayai. Ukiuliza sababu, kila nyumba ilikuwa na yake: mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kutoka, au atazaliwa kipara, au atachelewa kusema. Mama hakuhangaika na sababu. Alisema hayaliwi, na ikawa hayaliwi. Lakini hakuna aliyesema mjamzito asiyatunze, na kuku wa nyumba ile walikuwa mikononi mwa wifi.

Mpango wangu ulikuwa huu. Mgiriki alivunja yai moja kila siku, lakini mimi nilikuwa na kipindi kimoja tu cha dakika themanini, na nilitaka siku zote zionekane pamoja. Basi kuku alipoanza kulalia ndani ya kiondo kikuukuu jikoni, tulimwekea yai moja kila asubuhi, asubuhi kumi mfululizo. Wanawake wa kwetu hutia mayai ya kulaliwa alama ya mkaa, ili kuku mwingine akija kutaga palepale wajue lipi la kuondoa. Nikaifuata desturi hiyo hiyo: yai la kwanza mstari mmoja, la pili miwili, hadi kumi. Siku ya kipindi ningekuwa na mayai ya siku kumi hadi ya siku moja, na kila moja na alama yake.

Asubuhi ya kipindi nikaingia jikoni nikakuta mayai kumi kwenye kikapu, meupe, yanang'aa, bila mstari hata mmoja.

"Nimeyaosha kwa maji ya moto kidogo," wifi akasema. Alikuwa amefurahi. "Yalikuwa na masizi na mavi ya kuku. Mayai ya mwalimu yaende shule hivyo? Watasema huku kwetu hatuna maji."

Nilipiga kelele hadi mbwa akahama uwanja. Sasa naona aibu kuyakumbuka niliyosema, kwa sababu kosa lake lilikuwa ni kufuata vizuri alichofundishwa. Mama alikuwa amempiga msasa mwaka mzima: kitu kikitoka nyumba hii kwenda sokoni au kanisani kioshwe, kwa sababu kikiwa kichafu ni jina la nyumba linachafuka. Wifi alisimama na kile kikapu juu ya tumbo lake machozi yakimtoka.

Kilichoniokoa ni mhadhiri wangu. Nikakumbuka alivyotusimulia juu ya bingwa mmoja wa kule kaskazini mwa Ulaya, mmoja wa wakubwa kabisa wa kazi hii, aliyehifadhi viinitete viwili vidogo kwenye chupa akasahau kuandika ni vya nini. Baadaye akavitazama, na yeye bingwa hakuweza kusema kama ni mjusi, ndege, au mnyama wa kunyonyesha. Mwanzoni sote tunafanana hivyo. Yule mzee hakulia. Aliandika kwamba hajui, na kutojua kwake kukawa somo. Nikaanza kucheka peke yangu. Wifi akanitazama kama nimeshikwa na homa.

"Lete vibakuli vyote," nikamwambia. "Na maji vuguvugu, utie chumvi. Tutayafungua hapa na tuyapange kwa macho."

Tukakaa kwenye kivuli cha nyumba. Mimi nikakata maganda kwa mkasi, wifi akapokea kilichomo kwa kijiko na kukilaza kwenye maji. Vilivyokuwa vidogo sana nilivibahatisha. Ni yeye aliyekuwa akinirekebisha. "Huyu ametangulia yule, mwalimu. Angalia jicho." Au, "Huyu bado hana vidole, mrudishe nyuma." Tulipofika kwenye moyo wa siku ya tatu, ule unaodunda bila mwili wa kuushika, aliinama hadi pumzi yake ikatikisa maji, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe unaanza kazi kabla ya mwenyewe." Nimekuwa na wanafunzi wengi tangu siku hiyo. Wenye jicho lile hawafiki watatu.

Hapo ndipo jirani yetu alipotokea kuomba chumvi. Aliona mjamzito amevua kitambaa kichwani, ameinamia vibakuli kumi vya vifaranga visivyomaliza kuumbwa. Akasahau chumvi, akarudi alikotoka.

Kipindi changu kilikuwa bora kuliko vyote nilivyowahi kufundisha, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa unyenyekevu. Hata mwalimu mkuu alipiga foleni kuuona moyo. Jumapili yake, kanisani, wanawake walikuwa wakimtazama wifi tumboni badala ya usoni.

Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa Agosti, wa kiume, mzito, mwenye sauti, na mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka upande wa kushoto hadi karibu na pua.

Nilimpeleka mimi na mama yake hospitali ya misheni Mutomo. Daktari alimtazama akasema mdomo utashonwa vizuri kabisa, amewashona wengi, lakini kwanza mtoto anenepe. Kwa kuwa hawezi kunyonya vizuri, hewa inapita na anachoka upesi, mama akamue maziwa na amlishe kwa kijiko, ameketi wima, polepole. Akampima, akaandika uzito, akasema turudi baada ya wiki mbili, uwe umepanda.

Sasa, katika kijiji chetu alikuwepo mtu mmoja aliyejua kulisha watoto dhaifu, na kila aliyejifungua kabla ya wakati alimwita. Mtu huyo alikuwa mama yangu. Aliwahi kukuza pacha waliokuwa wakienea kwenye sufuria. Lakini mama hakumgusa mjukuu wake. Siku ya kwanza alimfunua uso, akamfunika, akatoka nje.

"Nilimwambia mayai si mchezo," akaniambia. "Ameangalia vitu vya Mungu kabla Mungu hajamaliza. Sasa na wake hajamalizwa."

"Ni mimi niliyemwita aangalie."

"Wewe hukuwa na mimba."

Akasema kaka akija mwisho wa mwezi, ampeleke mke wake kwao Makueni akapumzike. Alilitamka neno hilo kwa upole, akapumzike, na wote watatu tulijua maana yake. Mke anayerudishwa kwao na mtoto mwenye kasoro harudi tena. Kaka hakuwa mtu wa kubishana na mama. Hata mimi nilibishana naye kwa sababu tu nilifanana naye.

Siku zile nilimlisha mtoto mimi, nikipokezana na wifi. Nilijua kila kitu kuhusu koo la binadamu isipokuwa namna ya kulifanya limeze. Maziwa yalitoka puani, yalimwagika shingoni, mtoto alikohoa hadi akawa buluu, wifi akampokea na kumpigapiga mgongoni. Baada ya siku nane mikunjo ya mapaja yake ilikuwa imelegea. Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa, na woga ukanitia hasira, na mimi nikikasirika hufanya kazi.

Nikaweka mayai matano chini ya kuku. Wifi alinisihi kwa mikono miwili nisifanye. "Dada, wacha mayai. Wataongeza maneno." Nikamwambia akae mbali nayo kabisa, asiyaone wala kuyaosha, hii ilikuwa kesi na mimi ndiye wakili. Siku ya tano, asubuhi baada ya chai, nikampelekea mama sahani ya bati na lenzi yangu.

"Umekuwa mtu wa haki siku zote," nikamwambia. "Mtu wa haki hutazama ushahidi."

Nilijua pa kumgusa. Akaketi, akafuta lenzi kwa ncha ya leso, akainama. Nikamwelekeza kwa mwiba wa mgunga: hili jicho, huu ndio uso wenyewe. Na chini ya jicho, mahali mdomo utakapokuwa, palikuwa na vinundu vilivyotengana, huku kimoja, huku kimoja, kingine kikishuka kutoka juu katikati, na nyufa baina yao.

Mama alisogeza lenzi karibu, akaisogeza mbali. "Huyu amepasuka," akasema.

"Wote wamepasuka. Fungua mwingine, utakuta hivyo hivyo. Watu wamechora nyuso hizi kwa miaka mingi, za kuku, za nguruwe, za binadamu. Uso haumiminwi mzima, mama. Unakuja vipande, halafu vinatafutana na kuungana. Wewe ulikuwa hivi. Mimi nilikuwa hivi. Pasta alikuwa hivi."

"Pasta?"

"Na askofu wake."

Karibu acheke. Nikaona nimeshika, nikasonga mbele kama ninavyofanya darasani nikiona mtoto ameanza kuelewa. "Mdomo wa mtu huungana wiki ya sita au ya saba. Mwisho hapo. Usipoungana hapo, hauungani tena baadaye, na ukiungana, hakuna wa kuufungua. Sasa tuhesabu. Mimba iliingia lini?"

"Tulikuwa tunapanda. Mvua ya kwanza ya Novemba."

Nikaandika kwenye daftari, wiki moja chini ya nyingine, huku yeye akifuata kwa mazao: hapa mahindi yalikuwa ya magoti, hapa tulipalilia, hapa ndengu zilianza kufunga maganda. Nikapiga mstari. "Wiki ya Krismasi. Hapo ndipo mdomo wake ulipokosa kuungana. Mayai niliyafungua mimi mwezi wa sita. Yalikuwa yamechelewa kwa zaidi ya miezi mitano kumharibu mtu."

Nilishinda. Nililijua hilo, na nikainua uso nione uso wa mtu aliyeshindwa na haki.

Mama hakuwa akinitazama. Alikuwa akiutazama ule mstari. "Wiki ya Krismasi," akasema, "alikuwa anatapika. Hakukuwa na chakula kinachokaa. Nilidhani ni malaria, hata yeye hakujua ana mimba. Nikachimba mizizi nikamchemshia. Asubuhi tatu." Akaweka lenzi chini taratibu, upande wa kioo juu, kama mtu asiyetaka kuvunja kitu kingine. "Basi ni mimi."

Sikuwa nimeliona likija. Nilikuwa nimechonga hesabu yangu kama mshale, na sasa ilikuwa imesimama kifuani mwa mama yangu. Nikamwambia hapana, haijulikani kama mizizi inaweza, watoto wa hivi huzaliwa na kina mama ambao hawakunywa chochote, mara nyingine vipande havikutani tu na hakuna anayejua kwa nini. Hayo yalikuwa kweli. Wale wazee wote wa hadubini, pamoja na ndevu zao, hilo hawakulijua, na mimi sikulijua.

"Sasa hivi ulikuwa unajua kila kitu," mama akasema.

Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, na niliona kwamba kama hakumgusa mtoto siku zote zile kwa sababu ya kosa la mwingine, sasa hatamgusa kamwe kwa sababu ya lake.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Mwaitu," akasema. Ndivyo alivyomwita mama, kwa Kikamba, kama sisi tulivyomwita. "Ile dawa mi sikunywa."

Mama akageuka. "Umesema nini?"

"Sikunywa. Ilikuwa chungu sana. Nilimwaga huko nyuma ya zizi."

"Siku ya kwanza?"

"Zote tatu. Ningekwambia lakini niliogopa."

Kwa mke aliyekaa mwaka mmoja, kumwaga dawa ya mama mkwe na kumficha ni ukaidi unaotosha kumrudisha mtu kwao bila mayai wala mdomo. Wifi aliyajua hayo kuliko mimi. Alisimama wima akingoja. Mama alimtazama sana, juu hadi chini, na nikaona mabega yake yakishuka, kwanza moja, halafu la pili.

"Wewe ni mkaidi," akasema hatimaye. "Mkaidi kabisa, na utanizeesha. Leta huyo mtoto. Na kijiko, si hicho, kile kidogo cha dawa."

Akamketisha wima kwenye paja, kidevu ndani ya kiganja, akadondosha maziwa tone moja pembeni mwa shavu upande ule mzima, akangoja, akadondosha jingine. Mtoto akameza. Akameza tena. Mama akaanza kumsemesha, akimwita "mume wangu", akimwuliza ni nani aliyekuwa akimlisha vibaya hivi siku zote.

Wifi alinitazama juu ya kichwa cha mama. Krismasi ile shule ilikuwa imefungwa, nami nilishinda nyumbani. Asubuhi zote tatu mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa kutapika, na mimi ndiye niliyemshikia kikombe hadi akakimaliza.

Nikafunga daftari, nikatoka kwenda kukamua mbuzi.